Gari la Kijivu Lililoegeshwa Pua Chini

Goti langu la kushoto liliuawa na klachi. Maisha yangu yote ya kazi nimebeba kahawa, ndizi, nguruwe na maharusi kwa gari la jipu katika milima ya mji wetu wa Manizales, na kuna kona moja kwenye njia ya Neira ambako gari husimama wima hata kioo cha mbele kikabaki mbingu tupu. Siku moja pale nilimpisha tai. Naye akanishukuru kwa bawa.

Daktari akasema klachi basi. Jipu likauzwa. Mke wangu Leonilde akaniwekea mezani mambo mawili: ama tununue gari la otomatiki, lisilo na klachi, la kwendea huku na huku kila siku, ama kaka yake Arnulfo awe anatuendesha. Arnulfo huendesha akisimulia operesheni yake ya nyongo, na kila akifika pale alipopasuliwa huachia usukani aonyeshe.

Kwa hiyo tulikwenda mtaa wa Chipre kwa don Gildardo, bwana mmoja aliyekuwa anauza gari dogo la kijivu. Hata geti hatujafika, nikamshika Leonilde mkono.

"Umeona limeegeshwaje?"

"Vizuri tu."

"Pua chini, mama! Pua chini mteremkoni! Huyo stata yake imekufa. Asubuhi analiachia liteleze, anatia gia ya pili, linawaka, jirani hajui kitu."

Mtoto yeyote wa mji huu anajua hilo. Mimi nimeyakataa magari mengi kwa ushahidi huo tu, bila hata kufungua mlango.

Don Gildardo akatoka anatabasamu, viatu vinang'aa. Sikupenda vile viatu. Muuza gari mwenye viatu safi hajawahi kuchungulia uvunguni. Nikaweka kiganja kwenye boneti.

"La moto hili."

"Nimetoka kununua mkate sasa hivi, don Evelio."

"Mkate wenyewe uko wapi?"

"Tumeula."

"Haraka hivyo?"

"Ulikuwa wa moto pia."

Mwenye jibu tayari kwa kila swali, mimi namwogopa. Nikaamuru gari ligeuzwe pua juu, lizimwe, liwashwe. Likawaka. Lizimwe tena. Likawaka tena. Nikamwambia stata hiyo ameiazima kwa shemeji yake.

Leonilde akavuta pumzi ndefu. "Evelio, hii ni otomatiki. Haiwaki kwa kuteleza. Hata ukiiachia kutoka kule juu kwenye barafu ya mlima Ruiz, itafika chini imezimika vilevile."

Don Gildardo akakohoa ndani ya ngumi, muda mrefu.

"Sasa mbona pua chini?" nikauliza.

"Barabara ni ya kwenda upande mmoja, mzee wangu. Inashuka."

Nikakaa kwenye usukani kabla hajaanza tena kukohoa; Leonilde akakaa kando yangu, yeye nyuma. Nikakanyaga mafuta taratibu, gari likaenda, na mguu wangu wa kushoto, ambao haukuwa umeambiwa kitu, ukatafuta klachi. Ukakuta breki. Ukaikanyaga kwa nguvu zote za kona ya Neira. Kofia yangu ikagonga kioo, na don Gildardo akaja mbele kutoka kiti cha nyuma, kichwa chake kikawa katikati yetu.

"Breki, kama mnavyoona, ni nzima," akasema.

"Vua kiatu," akasema Leonilde.

"Kiatu gani?"

"Cha huo mguu mjinga. Ukunje chini ya kiti, uwe mgeni."

Akakipakata kiatu changu kama paka. Tukapanda mlima mkali, taa ikawa nyekundu, basi likaja kukaa nyuma yetu karibu hata nikahesabu meno ya dereva. Jasho likanitoka. Hapo ndipo dereva hujulikana: klachi nusu, mafuta nusu, roho nusu. Taa ikawa kijani, nikaachia breki. Gari halikurudi nyuma hata unywele.

"Nani ameshika?" nikauliza.

"Hakuna aliyeshika."

Nikalishuku lile basi kwamba linatusukuma. Nikatazama kioo, dereva wake alikuwa anatafuna tu, hana habari nasi. Basi gari lilikuwa linajishika lenyewe. Ule ufundi ulioniulia goti, kijisanduku hiki cha kijivu kilikuwa kinaufanya bila kutoa jasho. Kama ni hivyo, mimi ni wa nini?

"Pisha," akasema Leonilde tulipofika juu. "Zamu yangu."

"Leseni?"

Akaitoa mkobani. Mpya.

"Hii ya lini?"

"Huwa naifanya upya kila inapoisha."

"Kwa nini, na huendeshi?"

"Lile jipu lilitaka mguu wa fahali. Mimi nilikuwa nasubiri gari la watu."

Nikateremka na soksi moja. Akaendesha kama anayepiga pasi. Nikauliza amejifunza wapi.

"Kwako. Ulikuwa unataja gia zote kwa sauti, hata usingizini."

"Usingizini?"

"Hasa kwenye mteremko."

Nikanusa viti. "Linanuka sabuni. Anayeosha gari anaficha kitu."

"Evelio. Hili au Arnulfo."

Nikawaza pale Arnulfo alipopasuliwa. "Tunalichukua. Lakini usukani wangu."

"Asubuhi wangu, alasiri wako."

Nikakubali upesi, kabla hajabadili nia, nikampa don Gildardo mkono. Tukamlipa na kumshusha getini kwake, kisha Leonilde akaturudisha nyumbani, mimi kando yake nikikanyaga sakafu kila kona. Ndiyo kwanza tumeegesha, ukungu ukashuka, ule wetu wa kila alasiri, mzito hata ukiutoboa kwa kidole tundu linabaki. Lango letu likapotea, kisha boneti.

Leonilde akaniwekea ufunguo kiganjani.

"Haya, dereva, zamu yako," akasema. "Sukari imeisha."