Chupa ya Siku Tisa

Chupa moja ya matone ya maua, mtu akifuata masharti, humfikisha mwezi mzima na siku kadhaa juu. Dereva aliimaliza kwa siku tisa. Na wala hakuwa mlafi. Aliyoyaweka chini ya ulimi yalikuwa matone manne, mara nne kwa siku, kama alivyoelekezwa, na hakuzidisha hata moja. Mengine aliyamwaga. Kila asubuhi, akishanyoa ndevu, alifungulia bomba la jikoni, akabinya kipira cha kufyonzea matone kilicho kwenye kifuniko, akafyonza, akamwagia sinkini, akafyonza tena. Kisha aliiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaangalia imebaki kiasi gani, akavaa shati la kazi na kutoka.

Msimwone mwendawazimu. Alitaka chupa tupu, na alikuwa na sababu yake.

Matone yale yalitengenezwa na mama mmoja aliyestaafu unesi, mtu wa miaka sabini na ushee, aliyezalisha nusu ya mtaa ule na bado akaitwa Nesi na wote, hata na wale waliozaliwa mikononi mwake wakaota mvi. Aliishi ghorofa ya nne, juu kabisa, na ngazi yake ilimpeleka moja kwa moja kwenye paa. Huko ndiko alikofanyia kazi. Asubuhi yenye anga safi alichukua bakuli la kioo chembamba, akalijaza maji, akakata maua kwa mkasi bila kuyagusa kwa vidole, yakadondoka yenyewe juu ya maji. Bakuli lilikaa juani masaa matatu, na Nesi alikaa nalo, upande ule ambao kivuli chake hakikulifikia. Maua yakishalegea aliyachuja, maji akayachanganya na brandi yasiharibike, akayatia kwenye chupa za rangi ya kahawia. Kuna waliosema ni maji na porojo. Yeye mwenyewe hakuwahi kubishana nao.

"Mimi simponyi mtu," alimwambia Dereva siku ya kwanza, shemeji yake alipomleta pale apate kutulia, akimvuta kwa mkono wa shati. "Maua yanakushika mkono tu, basi. Ukiumwa, nenda hospitali. Chupa ikiisha, uje tuongee, nikuchanganyie nyingine kulingana na ulivyoamka."

Chupa ikiisha, uje. Mtu mwingine angeyasikia maneno hayo yakapita. Lakini Dereva alikuwa amekula miaka thelathini na mmoja relini, na relini hapandi mtu bila tiketi. Aliielewa hivyo: chupa tupu ndiyo tiketi. Bila hiyo, angepandaje ngazi za watu, angebisha hodi aseme amefuata nini?

Siku hizi hakuendesha tena treni. Baada ya ajali ya treni yake, tume ya uchunguzi ilikaa, ikapima umbali wa breki, ikasoma karatasi zake zote, ikaandika kwamba hakuwa na kosa. Bosi wake alimwambia, "Hukuwa na la kufanya." Mwanawe, aliyeishi mbali na kupiga simu kila Jumapili, alimwambia, "Baba, hukuwa na la kufanya. Mzima lakini?" Naye alijibu mzima, na simu ikakatwa kabla chai haijapoa. Ukishamwambia mtu hakuwa na la kufanya, umefunga mlango. Hata cha kukujibu hana.

Wakampeleka kwenye stoo ya vitu vilivyosahaulika, kwa muda, walisema, na ule muda ukatimiza mwaka na nusu. Ilikuwa nyuma ya kituo, chumba kirefu chenye taa moja ndefu na rafu mpaka darini. Miavuli pekee ilijaza ukuta mzima. Palikuwa na magongo, na huwezi kujua mtu alishukaje kwenye treni akaacha gongo lake. Palikuwa na meno ya bandia kwenye kikopo, yakiwacheka wote wanaoingia. Dereva alifunga kila kitu kikaratasi chenye tarehe na namba ya behewa, akakaa kwenye stuli, akangoja wenyewe. Wenyewe walikuja wachache. Kuna siku aliingia asubuhi na kutoka jioni bila kumsemesha mtu, na watu wakipita dirishani walimpungia, "Dereva, habari!" bila kusimama. Jina hilo lilimchoma kila mara, lakini angewaambia wamwite nani?

Tatizo lilikuwa honi. Treni ikipiga honi inaingia kituoni, mkono wake wa kulia uliruka wenyewe na kuvuta breki isiyokuwepo. Mara moja uliangusha safu nzima ya chupa za chai, zikabingirika sakafuni, naye akasimama katikati yake moyo unamwenda mbio, hana wa kumtazama. Akaziokota moja moja. Daktari wa kliniki alimpa vidonge vya usingizi na karatasi ya kwenda kuonana na mshauri. Vidonge alivimeza mpaka vikaisha. Karatasi aliitia kwenye droo, chini ya betri zilizokufa.

Kwa Nesi, hali ilikuwa tofauti. Nesi hakumwambia hukuwa na la kufanya. Alimkalisha kwenye kiti cha mbao kilichoelekea dirisha, akavaa miwani, akashika daftari na kalamu, akauliza, "Ilikuwaje?" Halafu akanyamaza. Na kunyamaza kwake hakukuwa na haraka. Angeweza kukaa hivyo mpaka jua lizunguke.

Dereva si mtu wa maneno mengi. Safari ya kwanza aliongea saa nzima na akafika tu pale treni ilipoondoka kituoni, hali ya hewa nzuri, abiria kiasi. Safari ya pili alivuka maghala ya nafaka na taa ya kijani. Safari ya tatu alifika kwenye kona. Ya nne akafika kwenye kivuko cha barabara, ambako mkokoteni ulikuwa umenasa kati ya reli, na juu yake kabati la nguo lililofungwa kamba. Hapo akaishia. Nesi akafunga daftari, akamchanganyia chupa, akasema tutaendelea.

Kwa hiyo tangu siku ile treni yake ilikuwa imesimama mbele ya kile kivuko, nayo ilimkaa kifuani usiku na mchana. Aliogopa kufika mwisho, na aliogopa zaidi kubaki pale alipo. Hakukuwa na mahali pengine duniani pa kuimalizia safari ile ila kiti kile cha mbao. Kungoja mwezi? Asingeweza. Akaanza kumwaga zaidi.

Siku ya kumi alipanda ngazi, chupa tupu mfukoni.

Nesi aliipokea, akaiinua kwenye mwanga, akaipindua. Hakukaa. Hakuchukua daftari.

"Dereva," alisema, "hii nimekupa lini?"

"Majuzi majuzi hapa."

"Jumanne ya wiki iliyopita. Ya kwanza ilienda mwezi. Ya pili wiki tatu. Ya tatu wiki mbili. Mdogo wangu, mimi ni mzee lakini kuhesabu sijasahau. Sogea hapa."

Dereva akasogea, na Nesi akamnusa mdomo bila aibu, kama alivyowanusa wanaume waliokuja wodini kuona watoto wao.

"Sinywi, Nesi."

"Wote hawanywi. Humu ndani nusu ni brandi, na wewe si wa kwanza kuja kwangu kwa maua ukaondoka na kiu." Aliiweka chupa juu ya kabati, mbali. "Leo sikupi. Nenda kliniki, wakuangalie, uniletee karatasi yao. Nakuonea huruma ndiyo maana nakwambia usoni. Haya, nenda."

Akamfungulia mlango. Dereva alisimama pale kizingitini, kofia mkononi. Alizitazama zile ngazi zinazoshuka, na huko chini aliona mchana wake wote uliobaki, na wa kesho, na wa keshokutwa, stuli na miavuli na lile kopo la meno. Angeweza kukubali tu kwamba anakunywa. Mlevi watu wanamwelewa, hata shemeji angejua la kusema. Alilolifanya yeye ndilo lililomtia aibu.

"Naimwaga," alisema.

"Unamwaga nini?"

"Dawa. Sinkini. Nikishatumia yangu, naimwaga kidogo kidogo kila asubuhi."

Nesi alimkodolea macho. Kisha akapandwa na hasira, tena hasira yenyewe, na sisemi alikosea.

"Unajua hayo matone yanatoka wapi wewe? Masaa matatu nimekaa juani, goti linaniwaka moto, siwezi kwenda hata msalani, nisilitie bakuli kivuli! Ua nakata kwa mkasi nisiliguse! Halafu wewe unakwenda kuogeshea sinki? Basi hilo sinki lako sasa litakuwa limetulia kuliko mtaa mzima!"

Dereva alicheka. Hakutegemea, kilimtoka tu, kicheko kibovu kama mlango usiofunguliwa siku nyingi, na kabla hakijaisha macho yakamjaa maji.

"Kwa nini unamwaga?" Nesi aliuliza, sauti imeshuka.

"Ili iishe."

"Ikiisha?"

"Nije."

Nesi aliitazama ile chupa juu ya kabati. Miaka yote hiyo aliwaambia watu chupa ikiisha waje, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpandia ngazi kabla haijaisha. Alidhani ndivyo dunia ilivyo. Akafunga mlango, wao wote wawili wakiwa ndani. Akamvutia kile kiti cha mbao, naye akakaa kwenye cha kwake.

"Kaa. Tulikuwa tumefika kwenye kivuko."

Dereva alikaa. Mikono aliibana kati ya magoti.

"Kabati lilikuwa na kioo," alisema. "Mlangoni. Nimeshapiga honi, nimeshavuta breki, lakini treni ile, Nesi, inataka karibu kilomita nzima kusimama. Kwenye kioo naona taa ya treni yangu inakuja. Naiona kama inanijia mimi. Yule bwana wa mkokoteni alikuwa ameshatoka relini. Alishapona. Halafu akarudi kulisukuma. Labda lilikuwa la mkewe, sijui, sikuwahi kuuliza. Akaona haliendi. Akageuka kwangu, akanyoosha mkono. Hivi."

Aliinua mkono wa kulia, ule ule, kiganja mbele, kama mtu anavyomwomba mwenye gari amsubirie kidogo avuke.

"Aliniomba nisubiri, Nesi. Kwa adabu kabisa. Na mimi sikuweza."

Akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, na Nesi hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia hukuwa na la kufanya. Aliushika ule mkono uliobaki hewani, akaushusha taratibu mpaka gotini, akabaki ameushika.

Walipomaliza alimchanganyia chupa, akaijaza mpaka shingoni.

"Kliniki utaenda, hilo halijabadilika. Ile karatasi ya mshauri uliyonisimulia, itoe kwenye droo. Mambo kama haya yana watu waliosomea, na mimi nimesomea kuzalisha." Akamtia chupa mkononi. "Na Alhamisi ijayo njoo. Uje na hii ikiwa imejaa. Ikipungua zaidi ya haki yake, mimi na wewe tutakosana."

Alhamisi ilikuwa siku yake ya mapumziko. Asubuhi alipitia kliniki, akapewa tarehe ya kuonana na mshauri. Mchana akapanda ngazi, na hapo ndipo alipokwama. Alisimama mbele ya mlango, akainua mkono kubisha, akaushusha. Chupa ilikuwa mkononi, imejaa karibu yote. Tangu ajali hakuwahi kumwendea mtu bila sababu ya kuonyesha. Atasema amefuata nini? Akigeuka kuna nani atakayejua? Akashuka ngazi moja, ya pili, mpaka ghorofa ya tatu.

Kituoni treni ikapiga honi.

Mkono uliruka kama kawaida yake, lakini ulikuwa umeshika kitu, naye aliogopa kukiangusha. Akaikumbatia chupa kifuani kwa mikono yote miwili. Akabaki hivyo, ameegemea ukuta, mpaka moyo ukapunguza mbio. Halafu akapanda tena.

"Hodi."

"Nani?" sauti ya Nesi ilitoka mbali, kule kwenye ngazi ya paa.

"Ni mimi. Dereva."

"Imeisha?"

Aliitazama chupa mkononi.

"Haijaisha," alisema. "Nimekuja tu."