Gisa Asiye na Farasi

Mara ya kwanza nilipouawa sikuwa nimemaliza hata dakika kumi duniani. Jamaa mwenye shoka aliruka kutoka juu ya mwamba, akanipasua kuanzia begani mpaka kiunoni, akanikanyaga tumbo na kuendelea na safari yake kama mtu aliyeruka dimbwi. Damu ilitapakaa mpaka pembe ya skrini. Yakatokea maandishi mekundu: UMEKUFA. Kama vile nilihitaji kuambiwa.

"Nilikuonya, shemeji," alisema Pyo Mal-sun nyuma ya kiti changu, huku anatafuna ngisi mkavu. "Nilikwambia uchukue Mpiga Mishale."

Pyo ndiye mwenye ukumbi wa gemu, ghorofa ya pili juu ya duka la nyavu, hapa Yeongdo, Busan. Kompyuta thelathini, harufu ya tambi za kikombe, na karatasi ukutani aliyoiandika kwa mkono wake: HYEONPI MARUFUKU. Maana yake waliogombana ndani ya gemu wasije wakamalizana kwa ngumi za kweli humu ndani. Aliibandika baada ya mteja mmoja kupasuliwa kichwa kwa kiti.

Marehemu mke wangu, Ok-bun, alicheza hapa miaka kumi na minne, kiti namba tisa. Mimi nilikuwa kwenye kreni, yadi ya meli, miaka thelathini na moja. Nilirudi jioni na vumbi jeupe nguoni, yeye akazikung'uta, akafua. Vumbi lile lilikuwa asbesto. Wakubwa walijua. Barakoa zilikuwepo, zimefungiwa kabatini ofisini kwao. Daktari wao wa yadi alimwambia Ok-bun ana mafua, akampa vidonge vya mafua miezi minane. Alipokufa mapafu yake yalikuwa magumu kama soli ya kiatu. Walileta shada la maua lenye jina lililokosewa. Tangu siku hiyo sijameza kidonge cha daktari yeyote. Vile vya presha Pyo ananichukulia kila mwezi, nami navitia mfukoni ili anyamaze.

Siku tatu kabla hajafa, Ok-bun alitoa mpira wa kupumulia mdomoni akaniambia, "Du-sik, nimekuandikia neno kwenye jiwe langu, kule kijiji cha Theluji. Nenda kasome mwenyewe. Usimtume mtu."

"Si uniambie sasa hivi?"

"Nikikwambia utabisha."

Kwenye gemu ile kila mchezaji mkongwe alipewa jiwe moja la kuandika mstari mmoja. Niliona upuuzi wa watu wasio na kazi. Nikakaa miaka miwili. Halafu Jumatatu moja Pyo akanipigia simu: kampuni inaizima dunia ile yote, Ijumaa saa sita mchana, mawe na kila kitu.

Jumanne nilikwenda ofisini kwao na cheti cha kifo, nikaomba niingie kwa jina la mke wangu. Binti wa mapokezi akainama kwa adabu, akasema jina hufa pamoja na mwenye nalo. Nikaomba basi wanisomee huo mstari mmoja. Akainama tena. Wakubwa hawakuwepo. Wakubwa huwa hawapo.

Na Pyo alikataa kwenda kunisomea. "Aliniapisha, shemeji. Alisema uende mwenyewe."

Kwa hiyo Jumatano asubuhi nilikaa kiti namba tisa, nikazaliwa upya nikiwa na miaka sitini na sita.

"Haya, chagua mtu wako," Pyo alisema. Kwenye skrini walisimama wanne, wanahema. "Huyu Mchawi, akipulizwa tu anakufa. Muache. Huyu Mganga anatibu wenzake, lakini anahitaji marafiki, na wewe huna."

"Endelea."

"Kwa mgeni hakuna kama Mpiga Mishale. Anasimama mbali, anaua, anakimbia. Hata mama yangu angeweza. Ok-bun mwenyewe alianza naye."

"Na huyu wa mwisho?"

"Huyo usimguse. Anapigana ana kwa ana, mzito, anakunywa dawa nyekundu kama gari bovu linavyokunywa mafuta. Anaitwa Gisa."

"Huyo huyo."

"Shemeji!"

"Nimekuwa gisa miaka thelathini na moja. Yadi nzima waliniita Bwana Gisa. Hata mkurugenzi."

Pyo alijipiga paji la uso. Kwetu neno ni moja. Anayeendesha basi ni gisa, anayeendesha kreni ni gisa, na askari wa zamani wa farasi na upanga naye ni gisa. "Huyu si gisa wa kreni, mbishi wewe! Ni wa farasi!"

"Farasi yuko wapi?"

"Hana. Ndiyo uone alivyo masikini."

"Basi tunafanana," nikasema, nikambonyeza.

Njia ya kijiji cha Theluji ni moja tu, inapita kwenye korongo jembamba linaloitwa Mlango. Mlango huo ulishikwa na kundi la Damu Moja. Hapiti mtu bila ruhusa ya kiongozi wao. Anayejaribu anachinjwa. Hivyo ndivyo gemu zetu zilivyo: wenye nguvu wanakalia mahali pazuri, wengine tunaomba. Na hao Damu Moja wala hawakuwa mbali. Walikuwa wanaume saba waliokaa safu ya nyuma ya ukumbi huu huu, hatua kumi na mbili kutoka kwangu. Kiongozi wao, Ma Gil-su, muuza betri za magari, miaka arobaini na kitu, wenzake walimwita Mtukufu bila kucheka.

Baada ya kufa mara sita nilimwendea. Niliinama. Mimi, nimwinamie yule.

"Bwana Ma, naomba nipite mara moja. Kuna jiwe la marehemu mke wangu huko juu."

Hakugeuka. "We mzee, ngazi gani?"

"Unaniita 'we'? Mimi umri wa baba yako."

"Ndani hamna umri, kuna ngazi. Wewe ya nne, mimi ya tisini. Nani amwamkie mwenzake?" Wale sita wakacheka. "Kila anayekuja ana marehemu. Juzi mmoja alisema mbwa wake."

"Dunia yenyewe inafungwa Ijumaa. Mnalinda nini?"

"Mlango," akasema. "Mpaka saa sita ni wetu. Nenda, unaniziba skrini."

Nilirudi kitini nikaendelea kufa. Walinitoboa kwa mikuki miwili, mmoja mbele mmoja nyuma, wakaninyanyua kama nguo kwenye kamba. Walinichoma moto nikakimbia nikiwaka mpaka mtoni, na mtoni alikuwepo mwingine akinisubiri na rungu. Alhamisi waligundua kwamba gisa akinywa dawa nyekundu hafi haraka, wakafanya mchezo: wanakata mkono, wananiacha ninywe, wanakata tena. Niliwasikia nyuma yangu wanahesabu kwa sauti, "Nane! Tisa!" Yule wa mikuki alikata kichwa changu akakipiga teke mpaka kwenye theluji. Kila nikifa naamka hekaluni kule chini, naanza kutembea upya, dakika ishirini.

"Ungekuwa na mishale ungewapita kwa mbio," Pyo alisema Alhamisi jioni.

"Nimeshasikia."

"Badilisha basi, muda upo."

"Sibadilishi."

Ijumaa saa tano na dakika ishirini nilikuwa nimekufa mara arobaini na moja. Nikafika Mlangoni mara ya arobaini na mbili nikiwa na chupa mbili za dawa. Walikuwa wote saba, wamejipanga. Shoka la Ma likanivunja goti. Nikanywa. Mkuki ukanipitia shavuni. Nikanywa ya mwisho. Halafu hawakuniua. Waliniacha nimepiga magoti, damu inadondoka, wakanizunguka, na juu ya kichwa cha Ma yakatokea maandishi: BWEKA UPITE.

Nilitazama saa. Tano na dakika arobaini na nne.

Nilibweka. Nikaandika sauti ya mbwa kwa vidole hivi viwili. Safu ya nyuma ikalipuka kwa vicheko, mmoja anapiga meza.

MKE WAKO ALIBWEKA VIZURI ZAIDI, Ma akaandika.

Nisijisifu kwamba nilipanga. Sikupanga kitu. Nilisimama, nikachomoa kibodi ya kiti namba nane kwa sababu ilikuwa karibu, nikatembea zile hatua kumi na mbili. Ma Gil-su alikuwa bado anacheka na spika za masikioni kichwani. Nilimpiga nayo mdomoni kwa mikono miwili, kama nilivyokuwa nikivuta lango la kreni lililoshika kutu. Vibonye vikaruka. Na jino likaruka, jino la kweli, likatumbukia kwenye tambi za jirani yake.

"Hyeonpi!" mtu akapiga kelele, na wateja wakakimbilia ngazi.

Nilimpiga ya pili puani, pua ikalala upande. Alianguka na kiti chake. Nikamkalia kifuani, nikamshika masikio nikagonga kichwa chake sakafuni. Sijui nilikuwa namwita nani. Pyo anasema nilikuwa nataja jina la daktari wa yadi.

Damu Moja walikula kiapo, na kiapo chao kina sharti moja: akiguswa Mtukufu, kila mtu anaacha alichoshika. Waliacha wote sita. Teke la kwanza lilivunja ubavu, nilisikia kama kijiti. Mmoja alinipiga na chupa ya soda juu ya sikio, ikawa haikupasuka, akarudia mpaka ikapasuka. Nilimng'ata mtu mguu nikaonja soksi na damu. Walinikanyaga vidole vya mkono wa kushoto kimoja kimoja, nami nikawa nacheka, kwa sababu mkono wa kulia bado ulikuwa na sikio la Ma.

"Muache! Utamng'oa sikio!" mmoja wao akafoka.

"Mwacheni nyie kwanza!" mteja mmoja akajibu kutoka ngazini.

Halafu nikasikia sauti ya Pyo, siyo ya kugombeza. Ya kupasua chumba.

"Shemeji! Njoo usome!"

Wakasita. Nami nikasita. Nikafuta damu jichoni, nikaona kule mbele: Pyo amekaa kiti namba tisa, mkono juu ya kipanya.

Wale saba wote walikuwa huku kwenye ugomvi. Kule Mlangoni watu wao walisimama kama milingoti, silaha zimening'inia, hakuna wa kuwashika. Pyo alimnyanyua gisa wangu aliyevunjika goti, akampitisha katikati yao akichechemea, akapanda naye mlima. Kwenye skrini kulikuwa na theluji, na jiwe.

"Sijaangalia," alisema, na kweli alikuwa amefunika skrini kwa kiganja. "Niliapa. Fanya haraka, tano na hamsini na sita."

Nilitambaa. Hakuna aliyenizuia. Ma Gil-su alikuwa amekaa sakafuni anatafuta jino kwenye tambi. Nilijivuta kwenye kiti namba tisa, Pyo akanipisha, akatoa kiganja chake. Nilisoma polepole, kama ninavyosoma siku zote.

DU-SIK, UMECHAGUA GISA, NAJUA. KICHWA KIGUMU. HAYA, KUNYWA DAWA.

Nilisoma tena. Nyuma yangu mmoja wa wale sita, yule niliyemng'ata, aliinama kutazama jina la mchezaji lililochongwa juu ya mstari ule.

"Mtukufu," akasema taratibu, "hili jiwe la yule bibi. Mpiga Mishale aliyetufukuza Mlangoni ule mwaka."

"Yule bibi alikuwa mke wake?" Ma aliuliza kupitia damu.

"Alituua wote saba," mwenzake akasema. "Peke yake."

Saa sita kamili skrini ikawa nyeusi. Skrini zote thelathini kwa mpigo. Nikaona uso wangu tu kwenye kioo, sikio limechanika, jicho moja limefumba.

Pyo alikwenda jikoni akarudi na kikombe cha maji ya shayiri, akakiweka mezani. Nilitia mkono uliobaki mzima mfukoni, nikatoa kidonge kimoja cha presha. Kilikuwa na damu. Nikakimeza hivyo hivyo.

Kisha nikageuka kwa Ma Gil-su. "Wee," nikamwambia, "niamkie."

Aliangalia chini. Midomo yote ilikuwa imevimba. Lakini aliniamkia.