Bomba Nyuma ya Michongoma

Kipupwe chote cha mwaka sabini na tatu, kila Jumamosi asubuhi, Balozi Adelard alipuliza filimbi na watu wa nyumba zake kumi wakatoka na majembe kusafisha mtaro. Watu wa Temeke walijitanda khanga mbili mbili kwa baridi. Eufrazia, aliyekulia Peramiho, hakuijali baridi ile. Kilichomshinda ni uvundo.

Mtaro ulikuwa na ute wa kijani uliovutika kwenye koleo kama mlenda. Chini ya ute matope meusi, na ndani ya matope funza weupe, wanene, wakijinyonganyonga. Jumamosi ya kwanza alitapika mbele ya majirani. Ya pili alijifunga kitambaa puani, Balozi akamwambia akifungue.

"Ndugu Eufrazia, hii ni kazi ya taifa. Taifa halizibi pua."

Yeye mwenyewe alisimama juu kwenye ukingo, shati jeupe limepigwa pasi, akinukia sabuni.

Lawama yote aliibeba Chausiku, mjane muuza vitumbua, ambaye choo chake cha magunia kilikuwa hatua chache kutoka mtaroni. Balozi alitangaza mkutanoni kwamba huyo ndiye anayetapisha choo mtaroni. Tangu hapo vitumbua vyake vililala. Kila Jumamosi alipangiwa kipande kibaya kuliko vyote, naye akaingia humo hadi magotini, peke yake. Watu walimsema akisikia. Eufrazia naye alimsema, tena kwa sauti: "Mtu mzima hana haya! Anatulisha mavi yake!"

Jumamosi ya mwisho ya Julai ililetwa miche ya mwarobaini. Eufrazia na Mwishehe, kuli wa bandarini, wakapewa kuchimba mashimo upande wa juu, nyuma ya ua wa michongoma wa Balozi. Mvua ilikuwa imekwisha tangu Mei, na kwingine kote ardhi ilikuwa ngumu kama tofali. Pale jembe lilizama kama kwenye ugali.

"Mbona pana maji hapa?" Mwishehe akauliza.

Eufrazia akapiga jembe tena. Kitu kikalia *ko!* chini, kikapasuka, na uchafu ukafoka ukamfunika miguu hadi vifundoni. Ulikuwa na uvuguvugu. Hilo ndilo lililomsisimua mwili, ule uvuguvugu. Bomba la udongo lilitokea chini ya michongoma likielekea mtaroni, na pamoja na kinyesi lilikuwa likitema vipande vya karatasi vilivyopigwa taipu. Katika nyumba zote kumi, karani wa ofisini alikuwa mmoja tu, Balozi.

"Mie kusoma sijui sana," Mwishehe akasema polepole, "lakini kwa Chausiku hakuna taipu."

Watu wakakusanyika. Balozi akaja, akatazama, akarudi nyuma hatua moja ili asichafue viatu.

"Fukieni," akasema. "Jumatatu katibu wa kata anakuja kutukagua. Mnataka shina letu liaibike?"

"Na Chausiku je?" Eufrazia akauliza.

"Hayo ni mambo ya vikao, ndugu. Fukieni."

Kisha Mwishehe, huku akitazama chini, akachukua jembe na kuanza kufukia. Mwingine akamsaidia. Eufrazia aliwatazama na kichefuchefu kikampanda kuliko siku ya funza; halafu akaikumbuka sauti yake mwenyewe ikimsema Chausiku, na kikazidi.

Akaokota gunia lililoletewa miche, akalijaza udongo wa mfinyanzi, akapiga magoti kwenye ule uchafu. Akalisukumiza ndani ya bomba, upande wa kwa Balozi, mpaka mkono ukazama kupita kiwiko.

"Wewe mwanamke! Unafanya nini?"

"Nasafisha mtaro, Ndugu Balozi."

Hakuna aliyethubutu kumshika. Alikuwa ananuka mno.

Jumatatu katibu wa kata alikuta choo cha Balozi kimefurika mpaka uani. Balozi hakuvuliwa cheo. Aliambiwa achimbe shimo jipya, akatafuta vibarua wakamchimbia. Mtaro ukakauka ndani ya wiki mbili, ukafanya nyufa.

Eufrazia alisugua mkono kwa majivu na sabuni, akaenda kwa Chausiku, akamkuta jikoni anageuza vitumbua.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Nimekuja kukuomba radhi."

Chausiku akaepua kitumbua, akamimina kingine. "Walinisema wengi. Wewe sauti yako nilikuwa naijua, maana kila siku ulikuwa unakuja hapa kuniomba chumvi."

"Nakiri, dada. Nisamehe."

"Radhi nimekupa. Lakini vitumbua sikuuzii. Nikikutazama roho inanichafuka."

Eufrazia akaaga, akaondoka. Wateja wengine walirudi wote, hata mke wa Balozi, na Chausiku akawauzia. Yeye hakuuziwa mpaka mjane yule alipohamia Mbagala, kabla ya mvua za vuli.