Nilivyojifunga Uzio wa Kambi Kwenda Kumkanda Masika

Usiku wa jana niliota niko dirishani pa ofisi ya kambi ya wakimbizi, sufuria ya kuchemshia maji kichwani, nabishana na muhuri. Si mtu wa kupiga muhuri. Muhuri mwenyewe, amekaa kitini, ana mafua.

Nikamweleza shida yangu vizuri, kama nilivyowaeleza maofisa wenye miguu wiki nzima hii. Mwanangu Masika amejifungua Nairobi, mtoto wa kwanza. Kwetu Beni mzazi hukandwa na mama yake kwa maji ya moto, tumbo na mgongo, la sivyo atatembea amepinda mpaka uzeeni. Naomba kibali cha kutoka kambini, nimkande, nirudi.

Bwana Muhuri akapiga chafya, akanirushia wino. Akasema kibali ni cha mgonjwa, mwanafunzi, au anayetishiwa maisha. Kukanda hakumo. Nikamwambia aliyeandika sheria hiyo hajawahi kuzaa. Akakubali, wala hakuona aibu.

"Sasa nifanyeje, mkubwa?"

"Sheria inasema mtafuta hifadhi akae ndani ya uzio," akasema. "Haisemi uzio ukae wapi."

Basi naenda kwenye uzio. Nauuliza kama una shughuli leo. Unasema hauna, umesimama hapo tangu kambi ifunguliwe, magoti yanauma, na Nairobi huisikia tu kwa watu.

"Nibebe, mama, ila taratibu. Nina miiba."

Nikaukunja, nikajifunga kiunoni kama kitenge, nikaondoka. Na kambi nzima ikanifuata. Zikaja nyumba za udongo, maana matofali tumekatazwa, eti sisi ni wapita njia. Mimi mwaka wa tisa huu napita. Likaja bomba lisilo na maji. Ikaja hata foleni ya mahindi, watu wamesimama vilevile, hakuna anayetaka kupoteza nafasi yake.

Hatua mbili tu, tumefika. Nikaulegeza uzio kidogo nipumue, ukaniponyoka. Ukazunguka mtaa wa Masika, ukazunguka soko, ukazunguka maghorofa ya wakubwa. Mji mzima ukawa ndani. Bwana Muhuri akaja mbio na mafua yake, akaanza kuandikisha watu.

Mheshimiwa mmoja mwenye suti akauliza kesi yake itaamuliwa lini. Akaambiwa asubiri. Akauliza asubiri mpaka lini. Foleni yote ikacheka, mpaka uzio ukatikisika. Mama mmoja akamkatia kipande cha kadibodi akalie, maana watu wetu hawana roho mbaya.

Mimi sina muda wa hayo. Naingia kwa Masika. Amejikunja kitandani, mtoto ubavuni.

"Mama, umepata kibali?"

"Nyamaza, geuka."

Sufuria ikachemka yenyewe, bila moto. Nachovya kitambaa, nakamua, nakanda upande wa kulia. Akalia kidogo, kama wanavyolia wote, halafu nyama ikalegea mikononi mwangu. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi nikaimba, na mjukuu wangu akafungua jicho moja kuangalia ni nani huyu anayepiga kelele. Nikageukia upande wa kushoto, jogoo wa jirani akawika.

Nikaamka kambini. Nikachungulia nje: uzio uko palepale, umekaza macho mbele kama haunijui. Bomba halijatoa maji tangu juzi, na jiko langu ni baridi. Nikasonya. Simu ikalia.

Ni Masika. Akasema hajui imekuwaje, lakini leo ameamka akaweza kukaa.

"Upande wa kulia umelegea wote, mama. Wa kushoto ndio bado."

Simu ikataka kuniteleza. Nikatazama mikono yangu. Vidole vimekunjamana vyote, vyeupe, kama vya mtu aliyeshinda ndani ya maji.

Nikamwambia leo alale mapema.