Herufi Moja ya Lekalakala

Nisikudanganye: kosa ni langu, si la mashine. Mashine yangu ya kuchora vibao, hapa La Rochelle ya huku kusini mwa Afrika, inachora kile unachoiandikia.

Boitumelo alinitumia oda kwa sauti, WhatsApp. Familia yao ilitaka kibao cha shaba cha babu yao wa kale, Modise Lekalakala, mtu mweusi aliyegundua dhahabu, mzungu aliyemwajiri akaisajili kwa jina lake mwenyewe. Kwenye karatasi za zamani huyo babu ameandikwa "Jim" tu, basi. Kibao changu ndicho kingemrudishia jina lake, baada ya miaka zaidi ya mia.

Tabia, mtu wa Tanga, anashona nguo meza ya pili. Alisikia yote.

"Égide, mwambie akuandikie. Nyie Warundi na L hamjawahi kuelewana. Juzi si uliniambia umekura wali?"

Nikafoka. "Miaka kumi na miwili nachora majina ya watu, leo fundi cherehani anifundishe kazi? Wee, shona!"

"Haya bwana. Kuuliza si ujinga."

Sikuuliza. Nikasikiliza mara tatu, nikaandika, nikachora.

Jumamosi nikavaa shati jipya, nikaenda kukifunga mwenyewe kwenye jiwe, karibu na machimbo ya zamani, kisha nikakifunika kitambaa. Hema limejaa, kwaya inaimba, nyama inachemka. Gogo wao, ndivyo huku wanavyomwita bibi, mjukuu wa Modise, mama wa miaka tisini, akavuta kitambaa. Vigelegele vikapigwa, halafu vikakatika. Gogo alikuwa anapitisha kidole juu ya herufi, moja moja, na katikati ya jina kidole kikasimama. LEKARAKALA.

"Huyu ni nani?" akauliza kwa Kizulu.

Eish! Jasho likanitoka mpaka mgongoni. Boitumelo akanigeukia. Alinijua kwa simu tu, sura yangu hakuwahi kuiona.

"Wewe ndiye fundi?"

"Hapana, dada. Mimi nimetumwa kufunga skrubu tu. Fundi yuko dukani."

Mungu wangu, uongo ulitoka laini kabisa, hata sikukohoa. Mzee mzima na ndevu zangu, najikana kama mtoto aliyelamba sukari.

Gogo akanishika mkono. "Usihangaike, mwanangu, wewe huna kosa." Akaamuru niletewe sahani ya nyama, kisha akaitisha daftari la familia, wanamoandika wote waliokuja siku hiyo. Akavaa miwani. "Jina lako nani? Nitajie herufi kwa herufi, nisije nikalikosea."

Nikaiweka sahani chini. Aibu niliyoisikia pale sijawahi kuisikia, wala nilipofukuzwa nyumba mbele ya majirani sikuisikia hivyo.

"Gogo, nimesema uongo. Fundi ni mimi. Niliandika nilivyosikia, nikaona haya kuuliza."

Hakunitukana. Bora angenitukana. Akafunga daftari, akaiweka kalamu juu yake, akanionyesha kibao.

"Litamke jina la babu yangu."

"Lekarakala."

"Tena."

Nikavuta pumzi, nikauweka ulimi sawasawa.

"Lekarakala," nikasema, mbele ya ukoo mzima, na hakuna hata mmoja aliyecheka.