Njuga za Masanja

"Shikamoo, mke mwenzangu!"

"Marahaba. Ukianza na uke wenza, najua una shida," Bibi Siwema akajibu, mkono bado uko kwenye ungo wa mchele. Mjukuu wake Jenifa alikuwa ametoka mazoezini Kanyenye, jasho linamtiririka.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Kesho jioni Jenifa na wenzake wangecheza ukumbini ile bale ya Kizungu, hadithi ya msichana aliyerogwa akawa bata maji. Wao walikuwa wamemgeuza korongo wa majaruba ya mpunga, na vinanda vyake wakavichanganya na ngoma ya Kinyamwezi. Lakini kazi ilikwama. Mzee Bundala, mpiga ngoma, tangu ujana wake huisikiliza kwanza miguu ya mchezaji ndipo apige. Wasichana nao, waliojifunza kwa video za simu, walikanyaga kimya wakiingoja ngoma. Basi ngoma inangoja miguu, miguu inangoja ngoma, watu wamesimama tu wanatazamana.

"Mzee kasema bila njuga miguuni anarudi kwake Kigwa kupalilia karanga," Jenifa akasema. "Nami nikamwambia babu aliacha zake."

Bibi Siwema akauweka ungo chini. Njuga zilikuwa sandukuni tangu wamzike mumewe Masanja, mwaka wa kumi na moja huu, na hakuwahi kuzitikisa. Alikuwa nazo masikioni vile zilivyolia marehemu akirudi kutoka ngomani, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo, maana uliwahi kuvunjika. Akimfunga mtoto huyu, atasikia miguu mingine. Na ile ya Masanja itabaki wapi?

"Kitendawili," akasema, apate kupumua.

"Tega."

"Nyumba yangu ya chuma haina mlango, mpangaji akitikiswa, mtaa mzima unajua."

"Bibi! Si njuga hizo?"

"Umekosa. Nipe mji."

"Sijakosa, unaniibia!"

"Nipe mji, bwana."

"Haya, chukua Ulyankulu."

"Ulyankulu nimekwenda, nimelishwa ugali wa muhogo hadi nimesahau ulichoniomba."

Jenifa alicheka, lakini hakuondoka. Alikaa chini, akaanza kuichua miguu yake iliyochubuka.

Bibi Siwema akaitazama miguu ile. Bale hiyo aliwahi kuiona na Masanja wakiwa wachumba, kwenye sinema ya baba yake Mukesh, huyu mwenye duka mtaani. Wasichana walielea kwenye pazia kama pamba, naye akalia machozi. Masanja akamnong'oneza, ukumbi wote ukasikia: "Hawa wanacheza kama wezi wa kuku! Laiti ningewafunga njuga!" Wakatolewa nje, wakacheka njia nzima mpaka stesheni.

"Masanja wewe," akasema taratibu, akainuka kwenda chumbani.

Akarudi na njuga, akamfunga Jenifa mwenyewe, mguu wa kulia kwanza, akikaza kamba kama alivyomkazia mumewe.

"Haya, tembea."

Jenifa akatembea. Njuga zililia haraka, nyepesi, sawasawa. Bibi akatega sikio akiungoja mguu wa kushoto uchelewe. Haukuchelewa.

"Zinabana, bibi?" Jenifa akauliza, akimtazama usoni.

"Wewe ndiye uliyezivaa, unaniuliza mimi? Nenda, Bundala asije akapanda gari."

Jenifa akaondoka mbio. Sauti ikashika njia ya Kanyenye, ngeni kabisa. Bibi Siwema akaisikiliza mpaka ilipokaribia kupotea, akajifuta macho kwa upindo wa kanga, kisha akaingia ndani kutafuta viatu vyake.