Renae Hanywi Maziwa

Orval Skaar hakumwita binti yake pembeni kumwambia kwamba shamba atalirithi kaka yake, Curt. Alimwambia mezani, kaka mtu akiwepo, mdomo umejaa viazi.

"Ng'ombe unawajua, mwanangu, sikatai. Lakini mwili umekushinda. Mwenye shamba asiyeweza kupanda silo ni wa nini?"

Silo ni lile ghala refu kama mnara ambamo malisho ya ng'ombe huhifadhiwa, na ngazi yake ni ya chuma, imesimama wima ukutani. Mwezi Machi Renae aliipanda hadi katikati, pumzi zikamwishia, akabaki amekumbatia chuma mpaka majirani wakaja kumshusha kwa kamba. Jimbo zima la Wisconsin, au walau ile sehemu yake inayokunywa kahawa kwenye duka la mbolea, ilikuwa na habari kabla ya mchana.

Curt ni mwembamba, hilo tumpe. Anauza bima mjini, ana nywele nzuri, na hajui mtamba ni yupi na ng'ombe aliyezaa ni yupi mpaka aulize. Renae amewakamua ng'ombe wale alfajiri na jioni tangu mama yao afariki. Leo shamba apewe mtu wa bima kwa sababu ya ngazi? Aliosha vyombo usiku ule kwa hasira hadi sahani moja ikapasuka.

Hasira hiyohiyo ndiyo iliyompeleka kwenye ukumbi wa mazoezi, ambako kocha Brenna alikuwa ameanzisha shindano la mlo wa paleo: mwezi mzima kula kama watu wa mapangoni. Nyama, samaki, mayai, mboga, matunda. Ngano hakuna, sukari hakuna, maharage hakuna. Renae alijiandikisha bila kuuliza, na ndipo Brenna akamalizia.

"Na maziwa marufuku. Jibini pia, siagi pia. Watu wa mapangoni walikuwa hawakamui."

"Mimi nakamua."

"Kamua tu, dada, nani kakukataza? Ila ukionja hata funda moja, unaanza upya."

Ukumbi mzima ulicheka. Renae naye alicheka, lakini maji alikuwa ameshayavulia nguo, hakuwa na budi kuyaoga.

Kesho yake Orval alimkuta jikoni na kikombe cha kahawa nyeusi.

"Nani kafa?"

"Sinywi maziwa mwezi huu, Baba."

"Ndani ya nyumba hii?"

"Ndani ya nyumba hii, na nje pia."

"Maziwa ndiyo yaliyokukuza, wewe!"

"Ndiyo hayohayo. Yamenikuza mpaka nikakwama kwenye ngazi."

Pale duka la mbolea wakambatiza jina la Bibi Pango. Jirani yao Gaylen, mzee asiyeweza kupitwa na utani, alimngoja mlangoni kila akienda. "Bibi Pango, leo umeua nini?"

"Bado, natafuta mzee mnono," Renae alimjibu, akapakia magunia yake mwenyewe.

Usidhani ilikuwa rahisi. Wiki ya kwanza kichwa kilimgonga na alimkaripia kila mwenye miguu, wa miwili na wa minne. Harufu ya mkate wa jirani ilimtoa machozi, machozi ya kweli. Lakini suruali ya kazi ilianza kumteleza kiunoni, akaifunga kwa kamba ya kufungia majani makavu. Na asubuhi moja mwezi haujaisha, malisho yalipokwama ndani ya silo, alichukua uma wa kupakulia majani na kupanda. Alipumzika mara mbili. Alifika juu, akayakwamua, kisha akapiga ukelele uliowaamsha mbwa wa Gaylen.

Orval alikuwa chini, ameona yote. Neno lilikuwa moja tu la kusema, hongera, na hakulisema.

"Kupanda umepanda. Lakini mwenye shamba la maziwa asiyekunywa maziwa ni kama mchungaji asiyesali. Jumamosi glasi ya kwanza utakunywa wewe, mbele ya watu. Usipoinywa, anainywa Curt, na shamba linakuwa lake."

Jumamosi hiyo ilikuwa ya kifungua kinywa cha Juni, ambapo kila mwaka shamba moja hulisha majirani wote, na safari hii zamu ilikuwa ya akina Skaar. Mila ni kwamba hakuna anayegusa chakula kabla mwenye shamba hajanywa glasi ya maziwa yake mwenyewe. Watu walijaa uani, chapati za maji zikinukia. Orval alishika kipaza sauti.

"Leo atafungua binti yangu," alisema, akamkabidhi glasi. Curt alisogea karibu, tayari kuipokea.

Sasa nikuambie jambo ambalo watu wawili tu walilijua pale. Orval hajanywa maziwa miaka mingi. Uzee ulipoingia, tumbo lake liliyakataa kabisa. Renae ndiye anayeendesha gari hadi mji wa mbali kumnunulia maziwa ya lozi, kisha anayamimina kwenye chupa ya nyumbani ili mgeni asishtuke. Nyani haoni kundule.

Angeweza kulisema. Kipaza sauti kilikuwa pale pale, na neno lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Alilimeza.

"Mila yetu inasema mwenye shamba ndiye anayekunywa kwanza," alisema. "Mimi bado sijaambiwa kwamba ni mwenye shamba. Shika, Baba."

Minong'ono ikazuka. Renae alipandisha sauti.

"Na mimi sinywi, mjue wote! Maziwa yote yaliyo mezani hapo nimeyakamua kwa mikono hii. Kuna aliyewahi kukuta uchafu katika maziwa yangu? Aseme sasa."

Watu walitikisa vichwa.

"Kunywa basi, Orval!" Gaylen alipiga kelele kutoka nyuma. "Ni maziwa, siyo sumu!"

Orval alimtazama binti yake. Alijua siri ya tumbo lake Renae anayo, na alijua hakuitoa. Lakini kiburi ni kiburi: aliinywa glasi hadi tone la mwisho, akiwa bado amemkazia macho. Watu walipiga makofi, wakala.

Walipomaliza kula Orval aliwaongoza kwenda kuona banda. "Ng'ombe wetu hawa," alianza, kisha akajishika tumbo. Uso ulimbadilika. Alimtupia Curt kipaza sauti na kukimbilia nyumbani, mkono mmoja umeshika mkanda.

"Huyu mbona anahangaika?" mama mmoja aliuliza, akionyesha ng'ombe wa pembeni.

"Huyo… amekula sana," Curt alijibu.

Wakulima waliangua kicheko. Renae alikichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwake. "Huyu anazaa sasa hivi. Rudini nyuma, na watoto wasipige kelele." Akakunja mikono ya shati, akaingia.

Orval aliporudi, mweupe kama kitambaa, ndama alikuwa ameshalala kwenye majani na Renae anampangusa pua. Gaylen alimsogelea.

"Haya, Mzee Orval, mwakani tukija hapa tumwone nani?"

Orval alimtazama Curt, aliyekuwa amesimama mbali akilinda viatu vyake. "Mwoneni huyo mwenye damu mikononi. Mkimwona mkaidi, nendeni kwa jirani."

Kisha aliegemea lango, akamnong'oneza binti yake. "Lakini mwezi ukiisha, utakunywa."

"Sinywi," alisema Renae. "Na wewe hunywi tena, Baba. Mwenye shamba kasema."